Ua la Kutoa Halinuswi

Nakumbuka asubuhi moja ya Ijumaa Kuu, mwanangu, nimeketi kwenye kiti kifupi jikoni kwa bibi mmoja wa Kihindi kule Clairwood, mtaa wa Durban, sinia ya asumini mapajani, vidole vimelowa maji. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wakristo wenzangu walikuwa wanajiandaa kwenda kufuata njia ya msalaba, na mimi nafunga maua ya hekalu la Wahindu. Cheka ukitaka. Hata mimi nilijicheka, maana tangu nitoke Uvira nilikuwa nimefanya kazi nyingi ambazo mama yangu hakunifundisha, na hii ilikuwa safi kuliko zote.

Ninakuandikia habari ya siku hiyo, wewe kijana uliyetoka kwenu kama mimi, kwa sababu ya binti mmoja niliyemsuka wiki iliyopita hapa saluni kwangu, Isipingo. Simu yake iliita, akaitazama, akaigeuza kifudifudi pajani. Ikaita tena. Nikamwuliza ni nani huyo asiyechoka.

"Ni mama, kule Goma," akasema. "Nitamupigia nikipata kitu, Mama Faida. Saa hii niko mukono mutupu, nitamwambia nini?"

Nilimaliza kumsuka, nywele nikazikaza kuliko inavyofaa, Mungu anisamehe. Maneno yale yalikuwa yangu, neno kwa neno, na sikupenda kuyasikia yakitoka katika kinywa kingine.

Bibi ninayemtaja, kila mtu alimwita Aya. Ndivyo Watamili wa Durban wanavyomwita nyanya. Nyumba yake ilibanwa na yadi mbili za malori, moja kulia, moja kushoto. Mchana kutwa makontena yalishushwa pande zote mbili, vikombe vikilia kabatini. Mwanawe alikuwa na nyumba kubwa Westville, yenye miti na geti linalojifungua lenyewe, na kila Jumapili alikuja kumbembeleza mama yake ahame. Aya alimsikiliza mpaka mwisho, akamnywesha chai, kisha akamwuliza: "Na hekalu nimwachie nani, dereva wa lori?" Kijana akarudi Westville peke yake.

Hekalu lenyewe lilikuwa mwisho wa barabara hiyo hiyo. Wewe uliyeyaona yale makubwa ya mjini ungelipita bila kugeuza shingo. Kuta za manjano, mlango mdogo, mlingoti wa bendera mbele, na pembeni mti mmoja wa siringa, jamaa ya mwarobaini, wenye majani machungu vilevile. Aya aliniambia kwamba zamani mtaa ule wote ulikuwa kijiji cha bustani. Wazee wao waliletwa kwa meli kuja kukata miwa, na mikataba ilipokwisha wakakodi ardhi ile ya tope ambayo hakuna aliyeitaka, wakalima mboga. Kabla hata ya kujijengea nyumba za maana, walijenga hekalu: nguzo za miti, udongo wa mtoni, bati juu. Ndani wakamweka Amman, maana yake Mama. Baadaye, serikali ya ubaguzi ikawahamisha watu nyumba kwa nyumba, ikawatupa mbali, maghala yakaja. Hekalu likabaki, kijiji chake kimeondoka. Nyumba chache tu ziliponyoka, na ya Aya ilikuwa mojawapo.

Lakini watu walirudi. Kila Pasaka walirudi, kwa basi, kwa magari, wengine wakitembea na watoto mgongoni. Nilimwuliza Aya kwa nini waliichagua Ijumaa Kuu yetu, siku zote zilizopo. Akacheka. "Mabwana wa miwa hawakutupa mapumziko mengine," akasema. "Tulimwomba Mungu wenu siku moja, hakukataa." Nilipenda jibu hilo, na mpaka leo sijaona kosa lake.

Kazi yangu ilitokana na vidole vya Aya. Vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, havikamati uzi. Na katika sikukuu ile koja la kwanza kabisa, lile shada refu analovishwa Amman kabla ya mengine yote, lazima litoke nyumbani kwake. Ilikuwa ahadi ya zamani, mama yake na bibi yake waliitimiza kabla yake. Mimi nilibisha mlango kuomba kazi ya kufua. Yeye alinitazama kichwani. "Nani alikusuka?" Nikamwambia nilijisuka mwenyewe. "Basi unajua fundo," akasema, akanifungulia.

Alinifundisha kwa majuma matatu. Maua mawili huku, maua mawili kule, uzi unazunguka mara moja, unavutwa. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, changu kibovu kuliko chake, kwa hiyo maneno yake nayaweka hapa kwa lugha yetu. Masharti yalikuwa mengi. Kuoga kabla ya kugusa maua. Siku zote za mfungo hakuna nyama wala samaki chini ya paa lile, nami Mkongomani niliyezoea dagaa nikaona cha mtema kuni. Koja haliwekwi sakafuni. Na sharti kubwa kuliko yote alilisema ameninyooshea kidole chake kilichopinda: "Ua la Mama halinuswi. Harufu ndicho chakula chake. Ukilinusa wewe kwanza, umempa makombo."

Nilikubali. Niliona ni jambo dogo. Dada niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, Yaya Sifa kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, ndiye aliyenisumbua zaidi. "Weye Faida, Ijumaa Kuu unaenda kwa masanamu? Pasta akijua, eish." Nikamwambia pasta akinipa kazi nitaacha, akaniacha, kwa kuwa pasta hakuwa na kazi ya kumpa mtu.

Sasa, mwanangu, nikueleze jambo ambalo Yaya Sifa hakulijua, wala Aya. Siku nilipoondoka Uvira mama yangu alinisindikiza mpaka kwenye kizuizi cha mpaka wa Burundi. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno. Alinifunga vizuri kitenge, akaniambia: "Ukifika, sema umefika." Hayo tu. Basi nilifika, na sikusema. Mwanzoni sikuwa na namna. Baadaye namna ilipatikana, namba ya jirani yetu mwenye simu nilikuwa nimeiandika ndani ya jalada la Biblia, lakini aibu ilikuwa imekwisha kunikalia. Wenzangu walipopiga simu nyumbani walisema nimetuma hiki, nimetuma kile. Mimi nilikuwa nalala kwenye godoro la mtu. Nikajiambia mkono mtupu haulambwi, ngoja nipate kitu kwanza. Nikangoja. Ilipita miaka miwili na zaidi, na mama yangu hakujua kama mimi ni mzima au mfu.

Turudi jikoni. Asumini ile ilichumwa kwenye ua wa Aya kabla ya jua, ikiwa bado imefumba. Aya akaenda kuoga na kuvaa sari yake. Nikabaki peke yangu na sinia. Jiko lilipopata joto maua yakaanza kufumbua, mimi nikifunga, maua mawili huku, maua mawili kule, nikipumua kwa kinywa kama nilivyozoea. Sijui ilikuwaje. Nadhani lori lilipita, mkono ukasita, nikavuta pumzi bila kufikiri, harufu ikanigusa kidogo.

Mama yangu alikuwa akitia asumini katika sanduku la nguo zake za Jumapili. Alipolifungua tulijua ni Jumapili hata kabla ya kengele.

Mara ya kwanza ilikuwa ajali. Sitakudanganya kwamba ya pili nayo ilikuwa ajali. Nilikusanya maua yale kwa mikono miwili, nikazamisha uso wangu, nikavuta mpaka kifua kikauma. Nikalia humo ndani ya maua. Kisha nikasikia maji ya Aya yamenyamaza, nikajifuta, nikaendelea kufunga. Alipotoka alilikuta koja limekamilika, refu, zuri. Akaliinua kwa mikono yote miwili. "Mama yangu mwenyewe asingeona tofauti," akasema. Nami nikasema asante.

Hakuna aliyeniona. Hilo ndilo nilitaka ulijue. Ningeweza kufa na siri hiyo na dunia isingepungukiwa kitu. Tulitembea hadi hekaluni, tukavua viatu, ngoma zikipigwa, akina mama waliohamishiwa Chatsworth na Phoenix wakimpa Aya njia kwa sababu ya kile alichobeba. Kuhani akalipokea koja. Kupitia mlango nililiona likivishwa shingoni mwa Amman, jeupe juu ya jiwe jeusi, na watu wakainua mikono vichwani. Mimi nilibaki uani chini ya ile siringa, nikimenya maboga pamoja na wapishi.

Aya akaja kuketi karibu nami. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfungua mdomo. Hapo ndipo aliponisimulia chanzo cha ahadi yao. Bibi yake, yule aliyekuja kwa meli, alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto akapatwa na ndui. Dawa hakuna, daktari wa shamba hakuja. Akamwahidi Amman kwamba mtoto akipona, koja la kwanza la kila sikukuu litatoka mikononi mwa wanawake wa nyumba yake. Mtoto akapona. Sikukuu ikafika, na yule mama hakuwa na ua hata moja. Wenzake walikuja na mawaridi na maua ya manjano kutoka bustani za mabwana zao. Yeye alichuma majani ya siringa mtoni, akayafunga kwa uzi wa gunia, akatembea njia nzima analia kwa aibu. Alipofika akasema: "Mama, nimekuja na nilichokikuta njiani."

"Na Amman akayapokea?" niliuliza.

"Mtoto yule ndiye mama yangu," akasema Aya. "Alinizaa akiwa na makovu ya ndui usoni. Wewe unaonaje?"

Nikaweka kisu chini. Mficha uchi hazai, lakini si methali iliyonifungua kinywa siku ile. Ni ule uso wa Aya, jinsi ulivyokuwa umetulia. Nikamwambia. Nilisema yote, ya ajali na ya makusudi.

Mwanangu, nimewahi kufokewa na polisi, na wenye nyumba, na wateja. Hakuna aliyenitisha kama Aya siku ile, wala hakufoka. Alisimama, akaingia hekaluni, akakaa humo muda mrefu. Wapishi walinitazama. Nilianza kutafuta viatu vyangu kwa macho, maana niliona kazi imekwisha, na nilistahili. Nililojali zaidi ni kwamba wanawake watatu walikuwa wameitunza ahadi ile, katika ufukara na katika kubomolewa nyumba, na mimi nimekuja kuivunja kwa pua.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Kilichokwisha kupanda kwa Mama hakiteremshwi," akasema. "Lakini tunaweza kumwongezea. Chuma siringa. Yale ya juu, ya chini yana vumbi la malori."

Nikanawa, nikachuma. Tukaketi kwenye mkeka, mimi nafunga, yeye ananishikia uzi kwa vidole vile vibovu. Majani ya siringa yanateleza, fundo halikai, ilinibidi nifungue na kuanza upya mara kadhaa. Baadaye akaniuliza, bila ukali: "Ilinukia nini?"

"Nini, Aya?"

"Asumini. Nimeifunga tangu nikiwa msichana, sijawahi kuinusa kabla haijaenda kwake. Wewe umeinusa. Ilinukia nini?"

"Ilinukia mama yangu," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanipa pole. "Alikufa lini?"

"Hajafa. Yuko Uvira."

Uzi ukalegea mkononi mwake. "Hajafa? Na husemi naye?"

Nikamweleza habari ya mkono mtupu, nikamweleza na methali yenyewe, nikaona nimejitetea vizuri. Aya alinisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwanawe, mpaka mwisho.

"Yaani una mama mwenye masikio," akasema, "ameketi mahali anangoja, na wewe unakuja kumnusa katika maua ya Mama yangu. Umewaibia wawili kwa mara moja." Akayagusa majani yaliyokuwa mapajani mwangu. "Mkono mtupu. Na hiki ulichoshika ni nini?"

Tulilipeleka koja la majani, kuhani akatazama, akamtazama Aya, akalivisha juu ya lile la asumini bila kuuliza. Kisha, kabla hata chakula hakijapakuliwa kwenye majani ya migomba, Aya alinishika kiwiko kama mtoto mtoro, akanirudisha nyumbani kwake, akaniweka mbele ya simu ya mezani. Biblia nilikuwa nayo mfukoni, nilikuwa nimekusudia kupitia kanisani jioni. Nikaisoma namba kutoka kwenye jalada.

Jirani alipokea. Nilipotaja jina langu alipiga yowe, nikamsikia anakimbia. Nikangoja. Nilisikia jogoo wa kwetu, nilisikia watu wakiulizana. Kisha pumzi ya mtu aliyekuja mbio.

"Njo weye, Faida?"

"Njo miye, Mama," nikamwambia, ndiye mimi.

"Ulifika?"

Miaka miwili na zaidi, mwanangu, na hilo ndilo swali lililokuwa limekaa mdomoni mwake. Nikamwambia nilifika. Akasema aksanti Mungu, halafu akaniuliza kama nilishakula. Mimi nikaanza kulia, nikisema sina kitu, Mama, sina kitu cha kukutumia, na yeye akanikatiza. "Nani alikuomba kitu? Nilikuomba useme ulifika." Baadaye jirani alinieleza kwamba wajomba zangu walikwisha kumshauri mama anisomeshee misa ya wafu, mara mbili, na mara zote mbili alikataa. Aliwaambia: mtoto wangu hajasema amefika, basi bado yuko njiani.

Nilipoweka simu chini Aya hakuwepo. Alikuwa amerudi hekaluni. Nikamkuta langoni ameshika asumini kiganjani, iliyonyauka kidogo, ina chembe za poda nyekundu. Ilikuwa ile ile ya asubuhi. Jioni kuhani huyagawa maua kwa watu. "Mama ameshakula," akaniambia. "Haya sasa ni yako. Nusa." Nikanusa mbele za watu wote, na haikunichoma kifua.

Kuanzia hapo nilizungumza na mama yangu kila Jumapili kwa miaka tisa. Mara nyingi hatukuwa na la maana la kusemezana. Aliniuliza nimekula nini, nikamwuliza mvua imenyesha. Alipofariki karatasi zangu hazikuniruhusu kusafiri, nikamzika kwa simu, jirani ameishika juu ya kaburi. Sijawahi kumwona tena tangu pale mpakani. Namtamani mama yangu, mwanangu. Nina wajukuu na bado namtamani, na sioni haya kukuandikia. Lakini najiuliza ningekuwa mtu gani leo kama ningekosa na zile Jumapili.

Aya naye alikubali Westville miguu ilipokataa kabisa, akachukua tawi la asumini akalipanda karibu na lile geti la ajabu. Amekwisha kwenda zake. Kila Ijumaa Kuu mjukuu wake, daktari, huja na gari lake mpaka Clairwood, kikapu cha asumini kiti cha nyuma na madirisha yote wazi ili asisikie harufu. Fundo hakulijua, mimi ndiye niliyemfundisha, kama nilivyofundishwa. Tunafunga sote wawili, vitambaa puani, watu wakituona wanadhani tuna mafua. Mwishoni tunaongeza tawi la siringa. Hakuna aliyeandika popote kwamba liwepo, lakini sasa watoto wakiliona halipo wanauliza. Ikifika saa tisa mimi niko kanisani kwangu, na pasta mpya ananijua kwa manjano ya bizari ya hekaluni yaliyonibaki vidoleni.

Basi nasaha yangu ni hii, nawe uichukue ilivyo. Ulichokusudia kumpa mtu, usikile wewe kwanza, hata kama ni harufu, hata kama hakuna anayekuona. Mpe kizima, kisha ungoje, mara nyingi hurudi na kuwa chako. Ukikosea, sema mapema, uchume siringa. Na usimfanye mama yako angoje mpaka mkono wako ujae. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, wahenga hawakusema uongo, lakini walikuwa wanasema juu ya watu wa sokoni. Juu ya mama walisema lingine: nani kama mama? Wale wa Clairwood walibomolewa kijiji kizima na bado walirudi kwa mama yao na majani ya njiani, ndiyo maana hekalu lile limesimama katikati ya malori. Asiyekuwepo na lake halipo. Wao walihakikisha wapo.

Kwa hiyo, binti wa Goma, na wewe mwingine yeyote uliyegeuza simu kifudifudi, igeuze. Sema umefika. Usiongeze kitu.

Mungu akulinde katika mji huu wa watu wengi. Akupe kazi isiyokuaibisha na vidole visivyochoka. Anayekungoja akuongezee siku zake, ili siku utakapovuka tena ule mpaka, awe amesimama palepale ulipomwacha, akufunge vizuri kitenge.